Udongo wa Assia

Bujumbura, Jumatano

Dada yangu mpenzi Houda,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ninakuandikia nikiomba barua ikukute mzima, wewe na shemeji Karimu, pamoja na huyo mgeni wetu aliye tumboni ambaye bado hatujui tumwite nani. Sisi huku Mungu anatutunza. Mama hajambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo mvua ikikaribia anaanza kulisema kama mtu anavyomsema jirani mbaya. Mimi pia sijambo. Mvua zimekuwa nyingi mwaka huu, barabara ya kwenda Musaga imekatika kidogo pembeni, lakini watu wanapita. Majirani wote wanakusalimia, na kila mmoja ana jina lake analotaka mtoto apewe.

Nakujua lakini. Kabla hujasoma hata salamu hizi, umeshatia mkono ndani ya kifurushi na kupapasa mpaka chini. Ndagala umezikuta, dagaa zetu za ziwani, mama amezikaanga kavu na kuzisaga na pilipili kama unavyopenda. Ubani umeuona, na kitenge, na nguo za mtoto, na majani makavu ya mboga ya lengalenga. Udongo wako wa kutafuna hujauona. Basi usiendelee kutafuta, wala usimshuku Amira maskini aliyekubebea mzigo huu katika ndege, kwa sababu yeye hajafungua chochote. Mama atakuambia kwenye simu kwamba aliuweka, tena amekuwekea ule mzuri kabisa. Ni kweli aliuweka. Mimi ndiye niliyeutoa, jana, alipokuwa anaswali.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya nyumbani kwetu haina siri, unajua mwenyewe. Ukipiga, mama anaweka sauti juu, jirani anajibu kabla yangu. Kwa hiyo tafadhali soma ukiwa peke yako, na usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Mambo yalianza na ule ujumbe wako, uliponiambia kwamba daktari wa huko anashangaa. Amekupa vidonge vya chuma, amebadilisha, amekuongezea, na bado damu yako haipandi. Akakuuliza unakula nini, ukamtajia wali, samaki, mboga, ukaacha udongo kwa aibu. Ulinicheka uliponisimulia, ukasema wazungu hawawezi kuelewa. Mimi sikucheka. Nilikumbuka jinsi tunavyofanya kwetu, jinsi mama alivyotufundisha na anavyomfundisha kila mwanamke mwenye mimba anayepita dukani kwake: kidonge kwanza, halafu kipande cha udongo juu yake, ili ladha ile ya msumari isikutapishe. Nikajiuliza, hivi hao wawili wakikutana tumboni, wanasalimianaje?

Unajua kazi yangu. Mwaka mzima napima udongo wa watu wengine, wa barabara, wa matofali, wa vigae, na sijawahi hata siku moja kupima ule niliolelewa nao. Nilimwomba chef Salvator, mkubwa wetu wa maabara, ruhusa nikitumie chombo baada ya kazi za wateja. Alinitazama juu ya miwani yake akasema maabara si jiko, lakini kama ni kwa ajili ya dada mwenye mimba basi yeye hajaona kitu. Nikachukua kipande kwenye beseni la mama, kimoja cha vile anavyoletewa na Bonfils kutoka milimani, nikaanza.

Nikueleze kidogo, maana bila hivyo hutaelewa yanayofuata. Kipande nilikisaga, nikakiloweka, nikaacha mchanga uzame, kisha nikavuta kwa mrija yale maji ya juu yenye chembe ndogo kabisa, nikayamwaga juu ya kipande cha kioo. Yakikauka, udongo unabaki umelala juu ya kioo kama ukoko mwembamba wa uji. Hapo unaupeleka kwenye mashine ya eksirei. Mashine inapitisha mionzi na kupima nafasi iliyoko kati ya tabaka na tabaka, halafu inachora mstari wenye vilima, na kila aina ya udongo ina vilima vyake.

Kwa sababu udongo wa mfinyanzi, dada, ukiutazama kwa karibu kuliko jicho linavyoweza, ni tabaka juu ya tabaka. Fikiria vitenge vilivyokunjwa kwenye etajeri, zile rafu za duka la mama. Kuna udongo ambao tabaka zake zimebanana, hata uumwagie maji namna gani hazifunguki. Huo tunauita iliti. Kuna mwingine ambao tabaka zake zinafunguka, zinakunywa maji, zinavimba, na zinakamata karibu kila kinachopita. Huo ni smektiti. Na kuna huu wa tatu, mchanganyiko, ambao katika rundo lile lile tabaka moja imefungwa, inayofuata iko wazi, mbili zimefungwa, moja wazi, bila mpango wowote. Huwezi kuzitenganisha kwa ungo wala kwa maji. Lazima uchukue rundo zima na tabia zake zote mbili.

Ubaya wa mchanganyiko ni kwamba ukiupima mkavu unaweza kukudanganya. Mstari wa kwanza ulipotoka nilifurahi, nikaona udongo wa mama ni mtulivu, umefungwa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu nirudi nyumbani. Spès, yule mwenzangu ninayefanya naye kazi, yule anayejifanyia ishara ya msalaba kabla ya kuwasha mashine ili umeme usikatike, aliweka kidole chake kwenye kilima kikubwa akasema hiki hakijasimama vizuri, kimevimba upande mmoja, mimi siamini mpaka tukipe glikoli.

Glikoli ni maji mazito matamu ambayo mvuke wake unaingia kwenye tabaka zilizo wazi na kuzipanua, ili mashine izione. Tabaka zilizofungwa zenyewe haziigusi. Ya kwetu ilikuwa imekwisha tangu mwaka jana, na sisi wote katika maabara tulikuwa tumezoea kuendelea bila hiyo. Nikakumbuka kwamba watu wa nchi za baridi wanaitia kwenye radiator za magari, nikaenda Buyenzi kwa Tajudini, mtoto wa shangazi, fundi wa magari. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akaniuliza, "Tangu lini Bujumbura iliganda barafu, we Mwantum?" Hata hivyo alinitafutia chupa, ya kijani kibichi kama sharubati ya harusi, na Spès akaikataa kwa sababu ya rangi na dawa zilizomo. Mwishowe yeye ndiye aliyeniletea kidogo, safi, kutoka kwa rafiki yake anayefundisha kemia.

Tulikiacha kioo ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na ule mvuke, mpaka kesho yake. Tulipokirudisha kwenye mashine, kilima kilikuwa kimehama. Kilikuwa kimesogea, na pembeni yake kikatokea kingine ambacho jana hakikuwepo. Spès aliniachia kiti nikae. Zaidi ya nusu ya tabaka za udongo ule ziko wazi.

Bado nilijipa moyo. Tumbo si kioo, nikasema. Basi tukachukua kidonge cha chuma, cha aina ile uliyonipigia picha, tukakiyeyusha kwenye maji yenye uchachu kidogo kama wa tumboni, tukagawa maji katika chupa mbili. Katika moja tukatia udongo wa mama, tukatikisa, tukachuja. Halafu tukazidondoshea zote mbili ile dawa inayoonyesha chuma kwa rangi. Chupa isiyokuwa na udongo ikawa nyekundu ya mawese. Ile nyingine ikawa kama chai iliyoongezwa maji mara tatu. Chuma kilikuwa kimebaki kwenye udongo.

Sidai kwamba tumbo lako linafanya hivyo hivyo kipimo kwa kipimo. Lakini wewe unakunywa dawa ya damu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto unaweka juu yake kitu kinachoinyakua. Ndiyo maana daktari wako anashangaa. Mwambie, dada. Aibu haizai mtoto.

Sasa nije kwa mama. Nilimwendea dukani kwake, mtaa wa Asiatique, saa za alasiri, wakati wateja wanapungua, nikamweleza taratibu kama nilivyokueleza wewe, mpaka nikatumia vitenge vyake kama mfano. Alinisikiliza huku akipanga vipande vya udongo kwenye beseni, vile virefu kama vidole, ambavyo anavibanika kwenye moshi mpaka vinanukia ardhi baada ya mvua. Unajua anavyojivunia mkono wake. Yule madamu Orlane wa Kigobe anamtuma dereva wake kila wiki, na wanawake wengine wanatoka mbali wakisema udongo wa Mama Sijaona, kama wanavyomwita, hauna mwenzake. Nilipomaliza akanijibu kwa sauti ile yake ya chini, unayoijua, ambayo ni mbaya kuliko kelele. "We Mwantum, mi nilikulaka udongo mimba zenyu zote. Muko wazima, muna meno yote. Leo masomo yako inakuja kuniambia mi ni muchawi?"

Nikamwambia hakuna aliyesema uchawi. Nikamwambia tatizo ni udongo na kidonge kwa pamoja, na zamani alipokuwa na mimba zetu hakuna aliyempa kidonge, damu yake ilikuwa nzuri. Akasema yeye anaupitisha kwenye moto. Nikasema moto wa makaa hautoshi kuzifunga zile tabaka, unahitaji moto wa tanuri ya matofali, na hapo hautakuwa chakula tena. Akageuka, akanipa mgongo.

Wakati huo huo akaingia mwanamke mmoja kijana kutoka Musaga, mimba imeshajitokeza, anahema kwa joto. Akaomba udongo. Mama akachukua vipande, akavifunga kwenye karatasi, na kwa mazoea ya miaka yote akaanza kumfundisha. Alisema, "Ukisha kunywa kidonge, mutoto wangu, unaweka…" halafu akakwama hapo. Mwanamke akangoja. Mama akavirudisha vile vipande kwenye beseni kimoja kimoja, akamwambia udongo umekwisha. Beseni lilikuwa limejaa, liko katikati yao wawili. Yule mwanamke akalitazama beseni, akamtazama mama, akaondoka bila kuuliza.

Kesho yake asubuhi, mama alikuja kazini kwangu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale alikuwa hajawahi kufika, alikuwa akisema harufu ya madawa inamharibia wudhu. Spès akamletea kiti na chai. Hakunywa. Alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa kifuko kidogo cha kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, nami nikakitambua kabla hajakiweka mezani. Kilitoka kwenye mkoba wa uzazi wa ndugu yetu Assia. Ule mkoba aliofungasha mwenyewe na nguo za mtoto, ambao mama aliurudisha nyumbani bila Assia na bila mtoto, na ambao tangu hapo umekaa juu ya kabati na sisi sote tukajifanya hatuuoni. Ndani ya kifuko kulikuwa na vipande vya udongo. Kimoja kilikuwa kimeng'atwa.

Houda, mama yetu hakulia. Aliniambia hivi, na ninakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Mi njo nilimuambiaka Assia aweke udongo juu ya kidonge. Kila siku nilimuuliza kama ameweka. Pima na huu." Kisha akaniambia, kama mtu anayeomba punguzo, kwamba wakati ule Bonfils alikuwa bado hajaanza kuleta; udongo wote ulikuwa wa mzee Sylvère, unachimbwa kilima kingine, na huenda kilima kile kilikuwa na udongo mwingine. Nikasema inawezekana. Nilisema kweli, inawezekana sana. Kilima na kilima havifanani, na upande huo wa milima kuna sehemu zenye udongo mweupe wa kaolini, ambao haushiki chuma kiasi hicho.

Unakumbuka mwaka ule. Wewe ulikuwa umekwisha kuolewa huko, ulisikia kwa simu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo madaktari walipotoka kutuambia kwamba damu inatoka na haisimami, kwamba wanatafuta ya kumwongezea na ya aina yake haijapatikana. Mkunga alisema neno moja ambalo mama alilisikia na mimi nililisikia, na hatujawahi kulirudia: kwamba alifika hapo akiwa tayari hana damu ya kutosha. Mtu aliyeanza na kidogo, kikimwagika kidogo tu kimekwisha. Tangu siku ile nilidhani mama amelisahau. Kumbe alilifunga pamoja na kile kifuko.

Nilikata kipande upande ambao haukung'atwa. Nilifanya kila kitu kwa mkono wangu, sikumwachia Spès hata kuosha kioo. Nilipima mkavu, nikapima na glikoli. Nilitamani kuona kile kilima cha kaolini, kilichonyooka kama mnara, ambacho hakihami hata ukifanyie nini. Nilikitamani kiasi kwamba nilipima mara ya pili kwa kioo kingine.

Dada, ni udongo ule ule. Wa Sylvère na wa Bonfils ni mchanganyiko mmoja, na huu wa Assia una tabaka za wazi nyingi zaidi.

Niseme pia lile ninalolijua kama mtu wa kazi hii. Mashine inasema udongo ni nini. Haisemi mtu alikufa kwa nini. Assia alikosa damu ya kuongezewa. Assia alitapika miezi mitatu ya kwanza hakula kitu. Wako wanawake wengi waliokula udongo wa mama na vidonge vyao na wakajifungua salama, wengine wanakuja dukani na watoto mgongoni. Haya yote nilikuwa nimeyapanga kichwani, yamenyooka, tayari kumwambia. Niliingia nyumbani nikamkuta amekaa kwenye mkeka wa swala, hajauondoa, mikono juu ya mapaja. Akanitazama. Yale niliyoyapanga yote yakanitoka. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba udongo wa Assia ni kaolini, ni mtulivu, haukamati kitu.

Nilimdanganya mama, Houda. Mimi, ninayemgombeza kila mtu asiyeosha kioo chake.

Akasema, polepole, kama anayejifunza kusoma: "Basi ni Mungu njo alimubeba. Apana mi." Akavuta pumzi ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake tangu Assia afariki. Akainama, akasujudu sijda ya shukrani. Nami nikasimama pale mlangoni na viatu vyangu mkononi. Niambie, dada. Ungekuwa wewe, ungeliondoa lile neno kinywani mwake?

Mimi nilishindwa. Nilijiambia kwamba dini inaruhusu uongo wa kupatanisha watu. Lakini nilijua nilikuwa nampatanisha mama na nafsi yake tu, na kwamba mimi pia nilikuwa nautaka usingizi. Na kweli wiki ile mama alilala vizuri. Aliimba jikoni. Alishusha mkoba wa Assia juu ya kabati, akafua zile nguo za mtoto, akaziweka pamoja na vitu vyako.

Sasa sikiliza nilichokisababisha. Siku ya pili yake mama alikwenda mpaka Musaga kumtafuta mzee Sylvère. Mzee mwenyewe haendi tena kilimani, lakini watoto wake bado wanachimba pale pale. Mama akarudi na gunia zima. Alimfukuza Bonfils na udongo wake, akamwambia ni mbovu, tena mbele za watu, mpaka kijana wa watu akaondoka macho yamejaa machozi. Akabanika ule wa Sylvère kwenye moshi, akaujaza kwenye beseni, na sasa anauuza. Kila mwanamke anayekuja anaambiwa kwamba huu ndio udongo salama, unaweza kuuweka juu ya kidonge bila wasiwasi. Nilipita dukani nikamsikia akimwambia yule yule mwanamke wa Musaga, ambaye alikuwa amerudi: "Mutoto wangu wa laboratoire njo aliupima. Anajua hata tabaka yake." Aliponiona akanionyesha kwa kidole, kwa fahari. Yule mwanamke akanishukuru.

Na vipande vizuri kuliko vyote, vile vilivyonyooka, alikuchagulia wewe.

Basi ndiyo hali. Nimeutoa wako kwenye kifurushi, lakini siwezi kuutoa kwenye vifuko vya watu wote wa Musaga na Kigobe. Nimejaribu kutafuta njia ya pembeni. Nilifikiri nimwambie kwamba serikali imekataza, au kwamba nimepima tena nikakuta kilima cha Sylvère kimebadilika tangu zamani. Njia hiyo ya pili ilinipendeza sana, nikakaa nayo siku mbili. Ingemwachia mama amani yake kuhusu Assia. Lakini namjua mama na najijua. Uongo wa kwanza umenizalia gunia zima. Wa pili sijui ungezaa nini, na mama si mjinga, angeweza kuniletea kile kifuko tena na kuniambia nikipime mbele yake.

Kwa hiyo nimeamua kumwambia kweli, yote. Amira anaondoka kesho Alhamisi, ameniahidi atakufikishia mzigo huu mkononi Ijumaa mchana kabla hajakwenda kwake. Mimi nitazungumza na mama Ijumaa hiyo hiyo, baada ya swala, duka likiwa limefungwa. Nitamwambia udongo wa Assia ulikuwa nini. Nitamwambia pia yale ambayo mashine haiwezi kusema, na safari hii sitayasahau, hata ikibidi niyashike kwenye kiganja. Nitamwambia nilimdanganya, na nitakubali chochote atakachonipa. Halafu Jumamosi, akipenda asipende, nitasimama naye dukani nikiwaambia wanawake mmoja mmoja.

Nina ombi kwako, na ni kwa ajili yake nimeandika karatasi zote hizi. Mpigie mama Ijumaa jioni, baada ya magharibi. Nitakuwa nimekwisha kusema. Usiniulize mimi chochote, na wala usimfariji, unajua anavyochukia kufarijiwa, atakata simu. Usimwambie si kosa lako. Atakuwa amekaa pale akijiambia kwamba alimfundisha binti yake na binti yake akamsikiliza, na hiyo ndiyo itakayommaliza, kuliko udongo wenyewe.

Wewe muulize kitu. Chochote. Muulize mgongo ukiuma mwezi wa saba anafanyaje, au anamfunga vipi mtoto mchanga kitovu kisiguswe na nguo, au zile kunde alizokuwa akitupikia unaziacha kwenye moto mpaka lini. Mwambie hujui, na huko hakuna wa kukufundisha. Akisema yeye hafundishi mtu tena, ngoja kwenye simu, usikate. Muulize mara ya pili.

Shemeji Karimu mpe salamu zangu nyingi, mwambie aniwie radhi kwa kukuweka na barua ndefu hivi ilhali unatakiwa kupumzika. Spès anakusalimia, anakuombea kwa namna ya kwao. Tajudini anasema ukihitaji maji ya radiator anayo bado chupa nzima. Mungu akupe uzazi mwepesi na akurudishe kwetu na mwanao mkononi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwantum